Kama Iliwatosha Wanajeshi

Mwanzoni mwa mwaka 2021, malalamiko kuhusu kambi ya Napier, katika mji wa Folkestone ulioko pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza, yalipozidi kiasi cha kutoweza kupuuzwa, Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ilikuwa na jibu moja lililo tayari: majengo haya yaliwalaza askari wetu mashujaa, na kusema kwamba hayawafai waomba hifadhi ni kuwatukana askari hao. Jibu hili lina nguvu yake. Linamfanya anayelalamika aonekane mtu wa kudeka, na anayemtetea aonekane hana heshima kwa jeshi la nchi yake. Na kwa kuwa Ulaya imejaa kambi na viwanja vya ndege za kivita vilivyobaki vitupu baada ya Vita Baridi kwisha, ni jibu tutakaloendelea kulisikia.

Mimi naona linastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko walivyolichukua waliolitoa. Tuulize kweli: kambi hiyo iliwatoshaje wanajeshi? Walikuwa wakiingia humo na nini, ambacho mwomba hifadhi hana?

Kila jengo lina mtu lililomkusudia, hata kama jina lake halikuandikwa mlangoni. Bweni la jeshi lilichorwa kwa ajili ya kijana aliyepimwa na daktari akaonekana mzima, anayelipwa mshahara, anayezungumza lugha moja na wenzake, ambaye kazi inamtoa chumbani alfajiri na kumrudisha usiku akiwa hoi, na ambaye akipewa ruhusa ya mwisho wa wiki ana kwao pa kwenda. Zaidi ya yote, lilichorwa kwa ajili ya mtu mwenye tarehe. Askari anajua mkataba wake unakwisha lini, mafunzo yanafungwa lini, kikosi kinahamishwa lini. Mchoraji wa kambi hakuhitaji kuiweka tarehe hiyo ukutani, kwa sababu jeshi lenyewe lilikuwa limeshaiweka katika karatasi za kila aliyeingia. Ukiiondoa, jengo linabaki vilevile, matofali yaleyale na madirisha yaleyale, lakini linaanza kufanya kazi nyingine kabisa.

Msomaji aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania hahitaji maelezo marefu. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, baada ya kusitishwa mwaka 1994, vijana wengi waliomaliza kidato cha sita wamelala kwenye hanga, kitanda kwa kitanda, tranka chini ya godoro, wakaamshwa gizani, wakakimbia mchakamchaka na kupanga foleni ya chakula. Wengi wao husimulia maisha hayo kwa kicheko. Wanacheka kwa sababu yalikwisha, na kwa sababu hata siku ile mbaya kuliko zote, kuruta alikuwa anajua zimebaki siku ngapi. Sasa mwondolee kuruta huyo siku ya kufunga mafunzo. Mwondolee gwaride, mwondolee afande anayemjua kwa jina, mpe majirani ambao wengi wao hawaelewi lugha yake, kisha mwambie alale.

Napier ni sehemu ya Shorncliffe, eneo ambalo jeshi la Uingereza limekuwa nalo tangu mwisho wa karne ya 18, na majengo yaliyotumika kuwahifadhi wageni yalijengwa kuelekea mwisho wa karne ya 19. Historia ya mabweni ya aina hiyo ina kinaya ambacho sikukiona kikitajwa sana. Baada ya Vita vya Krimea, Uingereza iliunda tume ya kifalme mwaka 1857 kuchunguza afya ya wanajeshi wake, kwa msukumo mkubwa wa Florence Nightingale. Tume ilikuta kwamba askari waliokuwa kambini nyumbani, wakati wa amani, bila adui yeyote, walikuwa wakifa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya raia wa rika lao. Waliokuwa wakiwaua ni kifua kikuu, homa, na hewa nzito ya vyumba vilivyojazwa kupita kiasi. Tume ikapendekeza kila askari apewe nafasi isiyopungua futi 600 za ujazo, yaani karibu mita 17 za ujazo, na kuanzia hapo ujenzi wa kambi ukabadilika: vyumba virefu, dari za juu, madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Kwa maneno mengine, jeshi lenyewe lilikuwa limekiri tangu zamani kwamba bweni huua, na kwamba dawa yake ni hewa na nafasi.

Mwezi Septemba 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, kambi ya Napier ilifunguliwa kwa waomba hifadhi wanaume. Idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa imeshaieleza serikali kwamba malazi ya mabweni hayakubaliani na mwongozo wa wakati huo. Wakaingizwa hadi watu 28 katika jengo moja, wakitumia vyoo na mabafu kwa pamoja. Januari 2021 ugonjwa uliingia, na katika kambi iliyokuwa na watu wasiofikia 400, karibu 200 wakaambukizwa. Tarehe 29 ya mwezi huo moto ukazuka na kuharibu sehemu ya majengo. Wakaguzi wa magereza na wa uhamiaji walipofika katikati ya Februari, walikuta majengo yaliyochakaa, wakaandika kwamba wote waliojibu maswali yao walisema wamewahi kupatwa na sonona wakiwa humo, na theluthi moja wakasema wamewahi kufikiria kujiua. Waliokuwa katika hatari kubwa ya kujidhuru walikuwa wamewekwa katika jengo la kutengwa ambalo wakaguzi walisema halifai kukaliwa na binadamu. Mwezi Juni mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya watu sita waliowahi kuishi humo, kwamba malazi hayo hayakufikia kiwango kinachotosha kwa afya yao.

Wengi wameusoma uamuzi huo kama hadithi ya uzembe: wangepaka rangi, wangepunguza vitanda, wangeweka ving'ora vya moto, mambo yangekuwa sawa. Sehemu ya ukweli imo, na kweli baadaye marekebisho yalifanyika na idadi ikapunguzwa. Lakini kuna jambo ambalo rangi haiwezi kulirekebisha.

Tulitazame shuka. Picha na maelezo yaliyotoka Napier katika miezi ile ya kwanza yalionyesha wanaume walioning'iniza shuka kuzunguka vitanda vyao, ili kila mmoja apate angalau pembe nne za kitambaa zinazoitwa zake. Baadaye ziliwekwa mbao nyembamba za kutenganisha. Shuka huzuia jicho, halizuii sikio. Unamsikia jirani akikohoa, akigeuka, akisali, akizungumza na mama yake usiku kwa sababu saa za huko na za kwao hazilingani. Unamsikia akilia, na yeye anajua kwamba umesikia. Asubuhi mnapeana salamu kana kwamba hakuna lililotokea. Watu wa pwani tuna neno la hali hiyo, tunasema mtu anasitiriwa, na sitara ni kitu kinachohesabika katika ujenzi wetu: ukuta wa uani, pazia la mlangoni, baraza ya kumpokelea mgeni ili asifike ndani. Bweni la jeshi limechorwa kinyume cha sitara, na kwa makusudi. Jeshi halitaki askari mwenye siri. Linataka vijana 20 waliokuja wakiwa watu 20 walale pamoja, waone miili ya wenzao, wasikie ndoto za wenzao, mpaka wawe kitu kimoja kinachoitwa kikosi. Kwa lengo hilo, bweni ni ufundi uliokomaa.

Sasa fikiria kazi aliyo nayo mwomba hifadhi. Kazi yake kubwa, pengine pekee, ni kusimulia. Anatakiwa kumweleza wakili, kisha afisa wa uhamiaji, mambo ambayo huenda hajamwambia hata mke wake: alichofanyiwa rumande, jina la aliyembaka, dini aliyoiacha, mwanamume aliyempenda. Lazima asimulie kwa mpangilio, tarehe zilingane, kwa sababu kila mgongano wa maelezo utahesabiwa kuwa uongo. Katika majira yale ya baridi mazungumzo mengi na mawakili yalikuwa ya simu. Mtu anakaa juu ya kitanda chake, ndani ya shuka, akijua kwamba upande wa pili wamo watu wa nchi yake, wa kabila lake, pengine wa upande uliomfukuza, na anaulizwa na sauti ya kwenye simu: je, ilikuwaje hasa siku ile? Atajibu nini? Atajibu kwa mkato, atasema hakumbuki vizuri, atasema tutaongea siku nyingine. Jengo linakuwa limeingia ndani ya faili lake. Hakuna afisa atakayeandika kwamba maelezo yalikuwa mafupi kwa sababu ukuta ulikuwa kitambaa.

Ninaamini hapa ndipo madhara makubwa kuliko yote yalipo, na hayapimwi kwa kipimajoto wala kwa ripoti ya zimamoto. Watu wote sita waliofungua kesi ya Napier walieleza kwamba waliwahi kuteswa au kuwa wahanga wa biashara haramu ya binadamu, ilhali vigezo vya wizara yenyewe vilisema watu wa namna hiyo wasipelekwe pale. Walipelekwa kwa sababu waliowachagua hawakujua habari zao. Wangezijuaje mapema, kwa mtu ambaye hajapata pa kuzisemea?

Uzio ni habari nyingine. Jaji aliyeamua kesi ile aliielezea Napier kuwa mahali palipozungukwa na ua wenye seng'enge ya miba juu, malango yamefungwa kwa kufuli, na walinzi wenye sare wamesimama. Kisheria waliokuwa ndani hawakuwa mahabusu. Walikuwa huru kutoka, isipokuwa wakati wa mlipuko wa ugonjwa, walipoamriwa wasitoke, na amri hiyo mahakama ikasema haikuwa na msingi wa kisheria. Lakini uzio hauna tafsiri za kisheria. Ulijengwa kumzuia adui wa nje asiifikie silaha iliyo ndani, na ukishaondoa silaha ukaingiza watu, mpita njia anausoma kwa mantiki ileile: kilicho ndani ya seng'enge ni cha hatari. Sisi tunaijua vizuri safari hii ya majengo. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ilifanywa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa gereza hadi 1984. Hakuna aliyelazimika kubadilisha sana kuta. Ngome ikikosa askari, kazi iliyo karibu nayo kuliko zote ni kufunga watu.

Kwa anayetoka mashariki mwa Kongo, hili halihitaji historia. Aliyekulia Bukavu anaijua kambi ya Saïo, aliyekulia Goma anaijua Katindo: mahali pa kupitwa kwa hatua za haraka, macho chini, hasa nyakati ambazo mishahara ya askari imechelewa. Sare mlangoni, mnyororo, mtu anayeuliza unatoka wapi na unakwenda wapi. Anavuka bahari na nchi kadhaa, anafika anapotarajia usalama, na kitu cha kwanza anachopewa ni lango la namna ileile lenye daftari la kusaini. Mlinzi wa Folkestone pengine ni kijana mpole wa kampuni binafsi anayelipwa kwa saa, na hajawahi kumpiga mtu kofi maishani. Mwili hauulizi hayo. Moyo huenda mbio kwanza, akili inafuata baadaye kueleza kwamba huyu si yule. Lugha yetu yenyewe haimsaidii: kambi ya jeshi na kambi ya wakimbizi tunaziita kwa neno moja, na mtu akipiga simu nyumbani kusema amepelekwa kambini, wa upande wa pili hunyamaza kidogo kabla ya kuuliza ni ya aina gani.

Kuna umbali pia. Wethersfield, katika kaunti ya Essex, ni kiwanja cha ndege za kivita kilichofunguliwa mwaka 1944, kikatumiwa kwa miaka mingi na Wamarekani wakati wa Vita Baridi, kisha kikawa cha polisi wa Wizara ya Ulinzi. Kiwanja cha namna hiyo huchaguliwa kwa sifa moja: kiwe mbali na watu, kwa sababu ya kelele, ya usiri, na ya bomu litakaloanguka siku ya vita. Upweke ule ulikuwa na maana kwa rubani, ambaye ndani ya ua alikuwa na kazi, baa, sinema na magari ya jeshi. Tangu Julai 2023 ua huohuo umewekwa waomba hifadhi wanaume, ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kufanya kazi, na ambao posho yao, kwa kuwa wanapewa chakula, mwaka 2025 ilikuwa haifiki pauni 10 kwa wiki. Yapo mabasi ya kuwapeleka miji ya jirani kwa ratiba. Ukifika mjini na pauni zako chache, utazunguka, utatazama maduka, utarudi kituoni. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na shirika la Madaktari wa Dunia walianzisha kliniki ya gari nje ya lango, shirika la kwanza kati ya hayo likiwa ni lile tulilolizoea kuliona kwenye kambi za Kivu na Dadaab, na taarifa zao zilijaa habari za mfadhaiko mkali na mawazo ya kujiua. Machi 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilivunja sheria kwa namna ilivyowaweka humo wanaume watatu.

Watetezi wa mpango huu husema angalau ni nafuu. Hapo sitakaa sana, kwa sababu ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza imeshalijibu. Katika ripoti ya Machi 2024 ilionyesha kwamba maeneo makubwa manne, mawili kati yake yakiwa vituo vya zamani vya jeshi la anga, yalitarajiwa kugharimu pauni milioni 46 zaidi ya hoteli zilizokusudiwa kuachwa. Matengenezo ya Wethersfield yaliyokadiriwa kuwa pauni milioni 5 yalipanda hadi milioni 49. Scampton, kituo walikotokea marubani waliobomoa mabwawa ya Ujerumani mwaka 1943, kilitengenezwa kwa mamilioni na mpango ukafutwa Septemba 2024 kabla ya mwomba hifadhi hata mmoja kulala humo. Majengo ya jeshi yanaonekana ya bure kwa sababu yapo. Mabomba yaliyooza, asbesto na udongo wenye sumu ya mafuta havionekani kwenye picha ya angani.

Kama si nafuu na si salama kwa afya, kwa nini basi? Hati ya tathmini ya usawa iliyoandaliwa ndani ya wizara mwaka 2020, na kufichuliwa na waandishi wa habari mapema mwaka uliofuata, ilitoa jibu la wazi kuliko hotuba yoyote: kutoa huduma zinazozidi kile cha lazima kungeweza kudhoofisha imani ya umma katika mfumo wa hifadhi. Isome tena taratibu. Maana yake ni kwamba mtazamaji wa jengo hili ni mpiga kura anayepita barabarani, na ugumu wa jengo ni ujumbe kwake. Kambi ya jeshi inaufaa ujumbe huo kuliko nyumba ya kawaida kwa sababu inaonekana ngumu hata ikiwa imetengenezwa vizuri. Ungeweza kuweka magodoro mazuri na mpishi hodari ndani ya Napier, na bado picha ya gazetini ingekuwa ya seng'enge.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu. Agosti 2024 makundi ya watu yalishambulia hoteli walimokuwa waomba hifadhi, huko Rotherham na Tamworth, wakajaribu kuzichoma moto watu wakiwa ndani. Anayesema kwamba uzio wa jeshi ungewalinda watu hao hasemi upuuzi. Usiku ule ungewalinda. Ila uzio unaomlinda mtu usiku mmoja dhidi ya jirani yake ndio unaohakikisha kwamba katika siku nyingine 364 jirani huyo hatamfahamu. Folkestone yenyewe inayo kumbukumbu tofauti. Mwaka 1914, Wabelgiji walioukimbia uvamizi wa Ujerumani waliteremka katika bandari hiyo kwa makumi ya maelfu, na mji ukawapokea, ukawalisha, na wengi wakalazwa katika nyumba za watu na za wageni. Wakati huo Shorncliffe ilikuwa imejaa wanajeshi, kila mtu katika jengo lililomkusudia.

Na Wabelgiji wenyewe wanalo jengo lao. Brussels, kando ya mfereji, katika barabara iliyopewa jina la kikosi cha tisa cha jeshi la miguu, pana kambi iliyojengwa kati ya mwaka 1848 na 1852 kwa mfano wa ngome za kale, ina minara na kuta zenye meno juu kana kwamba kuna mishale itakayorushwa. Huitwa Petit-Château, kasri dogo. Kwa miaka mingi vijana wa Ubelgiji walioitwa jeshini walipelekwa hapo kwa siku chache kupimwa: macho, mapafu, akili, nani anafaa na nani hafai. Tangu mwaka 1986 ni kituo cha kuwapokea waomba hifadhi, na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wanaoishi leo nchini humo wanakumbuka chumba chao cha kwanza kuwa ni humo. Shughuli haikubadilika sana. Watu huingia kupimwa nani anafaa. Kilichobadilika ni kwamba kijana wa Kibelgiji alikaa siku chache akarudi kwao na jibu.

Hata hivyo sikuwahi kuwasikia wazee wa Kikongo wakiizungumzia Petit-Château kwa uchungu ambao ningeutarajia. Sababu yake, nadhani, ni lango lake. Ukitoka umeshafika mjini: kuna metro, kuna masoko, kuna kanisa, na Matonge, mtaa wa Wakongo pale Ixelles, si mbali, unakoweza kupata mboga ya fumbwa na mtu wa kukuambia wakili yupi ni mkweli. Minara ni ileile ya kijeshi, lakini kuta zake zimezungukwa na maisha. Kati ya jengo hilo na Wethersfield, tofauti kubwa haiko kwenye matofali, iko kwenye kile unachokikuta ukivuka barabara. Kisha kuanzia majira ya vuli ya mwaka 2021 vitanda vikapungua, na wanaume waliokuja peke yao wakawa wanalala nje ya ukuta uleule, baadaye katika mahema kando ya mfereji, mpaka mahema hayo yalipoondolewa Machi 2023. Wakati huo ngome ilirudia kazi yake ya asili, ya kuwazuia watu nje, na kila aliyelala chini ya minara ile angetoa chochote apate kitanda bwenini. Ninalisema hili kwa sababu ni rahisi kuandika dhidi ya kambi kana kwamba mbadala wake siku zote ni nyumba.

Oktoba 2025 serikali ya Uingereza, safari hii ya chama kingine, ilitangaza kwamba itatumia kambi mbili zaidi, Cameron iliyoko Inverness huko Uskoti na kambi ya mafunzo ya Crowborough huko Sussex Mashariki, kwa ajili ya wanaume wapatao 900. Hoja ya kwamba zimewatosha wanajeshi ilirudi pia. Kuna dalili kwamba wizara yenyewe imeanza kuelewa tatizo liko wapi, maana kwa Wethersfield imeweka ukomo: mtu asizidi miezi 9. Ni hatua, na ningependa kuipongeza, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza jengo hilo kupewa kile lilichokuwa linakidhania tangu siku lilipochorwa. Ila ukomo huo ni wa kitanda, si wa kesi. Siku ya 270 au kabla yake mwanamume anaitwa, anafungasha begi lake, anasaini daftari kwa mara ya mwisho, anapanda basi kwenda hoteli au chumba cha mji mwingine ambao hajawahi kuusikia. Anapouliza mahojiano yake ni lini, anaambiwa kwamba ataandikiwa barua, na kwamba ahakikishe wanayo anwani yake mpya.